Zimwi Likujualo: Kuhusu Istilahi za Hadithi za Kutisha zenye Utani

Kazi nyingi zinazoletwa mezani kwetu ili tuzitolee shauri la istilahi ni za mashine, za sheria, za tiba na za kilimo. Ni nadra sana kuletewa kitabu cha katuni. Hata hivyo, mfasiri mmoja, ambaye pia ni mwalimu wa shule ya sekondari, alituletea juzuu nene la hadithi za katuni za Kimarekani pamoja na orodha ya maneno kumi na manne yaliyomshinda, akaomba tumsaidie. Baadhi ya wenzetu walicheka, na mmoja wao akauliza kama siku hizi tumeajiriwa kuyatafutia mazimwi majina. Tulilichukua juzuu lile nyumbani tukalisoma lote, na tulipolirudisha tulikuwa tumekwisha kusadiki kwamba swali la mwalimu yule ni zito kuliko mengi yaliyowahi kutufikia katika bahasha za wizara.

Makala haya yana makusudio mawili. Kwanza, kuihakiki kazi yenyewe, kwa kuwa haiwezekani kutoa istilahi za sanaa usiyoielewa. Pili, kupendekeza maneno machache yatakayowafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao kazi zao huwakutanisha na hadithi za namna hii katika vitabu, filamu na vipindi vya televisheni.

Kazi Yenyewe

Mfululizo tunaouzungumzia unaitwa Bart Simpson's Treehouse of Horror. Ulichapishwa Marekani na kampuni ya Bongo Comics, mara moja kila mwaka, tangu 1995 hadi 2017, matoleo 23 kwa jumla. Kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1993 na Matt Groening pamoja na wenzake ilifungwa mwaka 2018. Tangu 2022 hadithi hizo zimekuwa zikikusanywa upya katika majuzuu makubwa, na mojawapo ndilo lililofika mezani kwetu. Yafaa tuwatoe wasiwasi wasomaji: jina la kampuni halihusiani kabisa na Bongo yetu. Bongo ya Groening ni jina la sungura mwenye sikio moja katika katuni zake za awali, ilhali Bongo yetu yatokana na ubongo, kwa maana ya akili ambayo mtu huihitaji ili aishi Dar es Salaam.

Asili ya mfululizo huu ni kipindi cha vichekesho vya katuni kiitwacho The Simpsons, kilichoanza kuonyeshwa kama kipindi kamili mnamo Desemba 1989. Kinahusu aila moja ya mji wa Springfield: Homer, ambaye ni mfanyakazi wa kituo cha umeme wa nyuklia, Marge, mkewe, na watoto wao Bart, Lisa na Maggie. Tarehe 25 Oktoba 1990 kilionyeshwa kipindi maalumu cha kutisha chenye hadithi tatu fupi, kwa ajili ya mkesha uitwao Halloween. Watoto walikuwa wamekaa katika kibanda kilichojengwa juu ya mti, wakisimuliana mambo ya kuogofya. Tangu hapo desturi hiyo imerudiwa mwaka baada ya mwaka. Sharti lake ni moja: katika hadithi hizo sheria za kawaida za kipindi huondolewa. Baba aweza kufa, mji mzima waweza kuangamia, viumbe kutoka sayari nyingine waweza kumchukua mtoto. Na juma lifuatalo watu wote wapo hai, wamekaa mbele ya televisheni yao kana kwamba hapakuwa na jambo.

Waliotengeneza hadithi za katuni waliichukua desturi hiyo wakaipanua. Badala ya kuwatumia wachoraji wa kampuni pekee, waliwaalika waandishi na wachoraji wa nje, kila mmoja aje na mkono wake. Toleo la kwanza liliwakusanya watu kama Jeff Smith na Michael Allred, ambao wakati huo walikuwa na sifa katika kazi zao wenyewe. Mwaka 2000 mfululizo huu ulipata tuzo ya Eisner, ambayo ni tuzo kubwa ya hadithi za katuni nchini Marekani, katika fungu la machapisho ya kuchekesha. Toleo la 2005 lilitengenezwa kwa heshima ya magazeti ya kutisha ya zamani, na baadhi ya walioalikwa walikuwa mabingwa waliozianzisha hadithi za kutisha za miaka ya 1970, kama Len Wein na Bernie Wrightson. Toleo la 2009 lilihaririwa na Sammy Harkham, naye akawaita wachoraji wa mikondo isiyo ya kawaida. Kwa hiyo nyuso tuzijuazo zikachorwa kwa namna ambayo hata rangi yake ya manjano haikutosha kututuliza.

Hapo ndipo penye ubora wa kazi hii. Katika televisheni, aila ile daima ina sura moja. Mtazamaji huona vitisho lakini huona pia kwamba mkono unaochora ni uleule, naye hutulia. Katika kurasa hizi mkono wenyewe hubadilika. Homer aliyechorwa kwa wino mzito wenye vivuli, kama wachoravyo mabingwa wa hadithi za makaburini, si Homer yule wa televisheni, na kicheko cha msomaji huchelewa kidogo kabla ya kutoka. Kuchelewa huko ndiko sanaa yenyewe ilipo.

Lakini kasoro pia zipo, wala hatutazificha. Hadithi kadhaa ni nyembamba: huchukuliwa filamu mashuhuri, wahusika wake wakapewa majina ya wakazi wa Springfield, kisha ukafuata mzaha mmoja na hadithi ikaisha. Hadithi ya namna hiyo ni kama nguo ya kuazima, yaani humvika mtu lakini haimbadilishi. Pengine damu humwagwa kwa wingi ili kufidia upungufu wa fikira. Na matoleo yasomwapo mfululizo, jinsi yalivyopangwa katika majuzuu mapya, msomaji huchoka. Kwani kitu kilichokusudiwa kuliwa mara moja kwa mwaka kimewekwa chote katika sinia moja.

Neno Lililopigwa Marufuku

Haifai kuzihakiki hadithi hizi bila kutaja babu zake, na habari ya babu hao yaihusu moja kwa moja taasisi yoyote inayosimamia maneno.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kampuni ya EC, chini ya William Gaines, ilichapisha magazeti ya katuni za kutisha yaliyopendwa sana na vijana, mojawapo likiwa Tales from the Crypt. Mwaka 1954 kamati ndogo ya Baraza la Seneti la Marekani iliyochunguza uhalifu wa vijana ilimsikiliza Gaines akijieleza. Mwaka huohuo wachapishaji, kwa kuogopa kwamba serikali ingewatungia sheria, walijitungia kanuni wao wenyewe. Kanuni hizo zilikataza maiti watembeao, wanyonya damu, wala watu na binadamu wageukao mbwa mwitu. Zaidi ya hayo, zilikataza maneno mawili ya Kiingereza, lile la kuogofya na lile la kutisha, yasionekane kabisa katika jina la gazeti lolote la katuni.

Tunawaomba wasomaji walitafakari jambo hilo. Hapa palikuwa na chombo kilichoketi na kutoa amri juu ya neno. Je, matokeo yakawa nini? Magazeti ya kutisha ya EC yalikufa, ni kweli. Lakini kampuni hiyohiyo ilikuwa na gazeti jingine la kuigiza na kuchekesha, Mad, lililoanzishwa na Harvey Kurtzman mwaka 1952. Mwaka 1955 lilibadilishwa umbo likawa gazeti la kawaida, na kwa hiyo likawa nje ya mamlaka ya kanuni zile. Gazeti hilo liliwafundisha watoto wa kizazi kizima kuucheka uzito wa wakubwa wao. Kanuni zenyewe zililegezwa mwaka 1971, zikawaruhusu wanyonya damu na wageukao mbwa mwitu mradi waandikwe kwa heshima ya vitabu vya zamani. Na mwaka 2011 wachapishaji wa mwisho waliozifuata wakaziacha. Leo neno lililokatazwa limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kazi tunayoihakiki, iliyokusudiwa hasa kusomwa na vijana.

Basi kutisha na kuigiza kwa kuchekesha vilizaliwa katika nyumba moja, na adhabu iliyomwua mmoja ilimnenepesha mwenzake. Sisi tunaofanya kazi ya kusanifisha lugha twapaswa kujifunza. Neno halifi kwa amri, wala halizaliwi kwa amri. Lililo katika uwezo wetu ni kulipima, kulieleza na kulipendekeza. Watumiaji ndio watakaolichukua au kulitupa.

Majina ya Vitisho

Tukiingia katika orodha ya mwalimu, utaratibu wetu ni ule tuliouzoea: kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, halafu katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho kukopa kutoka lugha za kigeni. Utaratibu huu ni mwema. Lakini orodha hii ilitufundisha kwamba neno la nyumbani laweza kuwa zito mno.

Tuanze na jina la mfululizo. Mwalimu alikuwa ameandika "Kibanda cha Mtini", na kisarufi hakukosea. Lakini mtini ni mti wa tini pia, na msomaji wa Biblia atakwenda huko kwanza. Tulimpendekezea neno "dungu". Wakulima hulijua: ni jukwaa refu lijengwalo shambani ili mlinzi akae juu akiwafukuza nguruwe na ndege. Wengi wetu tulipokuwa wadogo tulisikia hadithi za kuogofya tukiwa katika dungu usiku, na mlinzi aliyezisimulia alikusudia tusilale. Neno "ulingo", ambalo nalo lilikuwa na maana hiyo, sasa limechukuliwa na mabondia na wanasiasa. Kwa hiyo twapendekeza "Dungu la Kutisha". Hatukupenda "Dungu la Vitisho", kwa sababu katika lugha ya polisi na mahakama vitisho ni maneno ya kumtishia mtu. Wala msomaji asidanganywe na sauti ya neno "kihoro". Linafanana na neno la Kiingereza, lakini kihoro chetu ni mshtuko wa mtu aliyefiwa au kupotelewa, nacho hakichekeshi hata kidogo.

Kuhusu sikukuu yenyewe, watu wa mijini wamekwisha kuzoea kusema "Halloween", nasi hatuoni haja ya kushindana nao. Ila ni vyema mfasiri aeleze angalau mara moja kwamba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, yaani usiku wa tarehe 31 Oktoba. Wakatoliki wetu huiadhimisha sikukuu hiyo kila tarehe 1 Novemba bila ya boga lililochongwa macho.

Ama kuhusu mizuka na wenzake, hapana budi kwenda polepole. "Mzimu" ni roho ya mhenga. Ana heshima yake, na kumfanya kikaragosi ni kumvunjia adabu mwenye kumwamini. "Kizuka" ni jina la kiumbe cha ajabu, lakini pia ndilo jina la mwanamke aliyefiwa na mume akiwa katika eda. Mfasiri atakayejaza vizuka katika nyumba mbovu ya Springfield asije akashangaa msomaji wa pwani akiuliza wajane hao wamefiwa na nani. Limebaki "mzuka", nalo twalikubali, ijapokuwa vijana wa leo wamelifanya kuwa neno la shangwe. Shangwe hiyo haiharibu kitu katika hadithi za kuchekesha.

Kwa yule anyonyaye damu, mwalimu aliweka "mumiani". Neno hili lina historia ya kustaajabisha. Asili yake ni Kiajemi, na hapo kale lilitaja dawa nyeusi kama lami iliyouzwa na wafanyabiashara wa pwani. Kutokana na mzizi huohuo Wazungu walipata jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Kwetu, wakati wa ukoloni, ilienea imani kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na mumiani akawa mtu: mtumishi wa wakubwa, mwenye gari na vifaa, ambaye hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Mumiani hajafa wala hafufuki. Halali jenezani, na hana meno marefu. Ameajiriwa. Kwa sababu hiyo si sawa na Dracula wa vitabu vya Ulaya, naye Dracula atafaa kuitwa "mnyonya damu" tu.

Lakini hapo hapo tuliona jambo ambalo Mmarekani hawezi kuliona katika lugha yake. Katika kipindi cha mwaka 1993 mnyonya damu alikuwa ni Bwana Burns, tajiri mwenye kile kituo cha nyuklia, mwajiri wa Homer. Kwa Kiingereza ule ni mfano uliohitaji kufikiriwa. Kwa Kiswahili hauhitaji kufikiriwa kabisa, kwani tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lugha yetu ya siasa imekuwa na mnyonyaji, kupe na mirija. Mtoto aliyekulia katika miaka ile aliona katuni za mabepari wanene wenye mirija kabla hajasikia habari za Transylvania. Mfasiri akiandika "mnyonyaji" mahali pa "mnyonya damu" katika sentensi moja tu iliyochaguliwa vizuri, atakuwa ameipata shabaha ya hadithi kuliko walioitunga.

Kwa binadamu ageukaye mbwa mwitu hatuna neno moja, wala hatupendekezi kulibuni. Mbwa mwitu wa Biblia ya Kiswahili ni mnyama wa Ulaya aliyepewa jina la mnyama wetu mwingine. Katika bara letu ni fisi ndiye ahusishwaye na wachawi. Lakini hadithi za katuni zina sharti ambalo vitabu vya kawaida havina: picha haitafsiriki. Mchoraji amekwisha kuchora mnyama mwenye masikio yaliyochongoka na mkia wenye manyoya mengi, naye mfasiri hawezi kumwita fisi mbele ya macho ya msomaji. Ndivyo ilivyo pia kwa kunguru wa Edgar Allan Poe, ambaye kipindi cha kwanza cha 1990 kilimfanya awe na uso wa Bart. Kwetu ndege wa mauti ni bundi. Kunguru ni mwizi wa samaki pale sokoni. Pamoja na hayo ataandikwa kunguru, kwani amechorwa kunguru, na msomaji ataelewa kutokana na weusi wa ukurasa.

Msukule na Zombi

Tumelichelewesha kwa makusudi neno lililomleta mwalimu kwetu.

Kwa maiti atembeaye, mwalimu aliandika "msukule". Kwa kufuata utaratibu wetu hakukosea, maana ni neno letu, liko hai, na lataja mtu aliyedhaniwa amekufa kumbe amechukuliwa kwa uchawi ili atumikishwe usiku shambani mwa mchawi. Tena historia yamuunga mkono. Zombi wa kwanza walitoka Haiti, nchi ya watu waliopelekwa utumwani kutoka Afrika, na hofu yao ilikuwa hiyohiyo: kwamba mtumwa aweza kufanyishwa kazi hata baada ya kufa. Katika filamu White Zombie ya mwaka 1932 maiti hao husukuma mitambo ya kinu cha sukari. Ni filamu ya George Romero ya mwaka 1968 iliyowaondoa kazini na kuwafanya wala nyama, na hao ndio waliojaa katika kurasa za Springfield. Kwa hiyo, kwa mizani ya historia, msukule ni ndugu wa zombi wa kale kuliko zombi wa leo alivyo.

Mwalimu, ambaye anafundisha katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa, alitueleza kwamba siku moja aliwasomea wanafunzi wake tafsiri ya hadithi moja, akitarajia kicheko. Alipofika kwenye misukule inayomfukuza Homer hadi jikoni, darasa lilinyamaza. Binti mmoja aliomba ruhusa, akatoka, wala hakurudi siku ile. Baadaye mwalimu aliambiwa kwamba nyanya wa binti huyo, kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, alikuwa ananyoshewa kidole kijijini kwamba anafuga misukule, na watoto wake walikuwa wakikesha mlangoni kwa zamu kwa kuogopa mapanga.

Hatuna la kuongeza juu ya habari hiyo isipokuwa kwamba ilibadilisha shauri letu. Watumishi wa serikali walio miongoni mwa wasomaji wetu wanajua kwamba Sheria ya Uchawi bado imo katika vitabu, na kwamba neno hili hutamkwa katika ofisi za kata, vituoni mwa polisi na mahakamani, na watu wazee wameuawa kwa ajili yake. Neno ambalo ni ushahidi katika shauri la mauaji lisipewe kazi ya kuchekesha mahali pengine. Si kwamba twalipiga marufuku; tumekwisha kusema marufuku huishia wapi. Twasema tu kwamba halifai hapa. Kwa maiti wa hadithi za Kimarekani tutumie "zombi", wingi "mazombi", neno la kukopa ambalo vijana wanalitumia tayari. Mara nyingi tumehubiri kwamba neno la nyumbani ni bora kuliko la kukopa. Leo twakiri kwamba kukopa pengine ni namna ya huruma. Neno geni huja halina kaburi lolote kijijini.

Jambo hili si la bara tu. Mwaka 1995, toleo la kwanza la mfululizo huu lilipokuwa likiuzwa Marekani, wananchi wa Pemba, na baadaye wa Unguja, walikuwa wakikesha nje ya nyumba zao kwa hofu ya Popobawa. Mikesha miwili, mwaka mmoja. Mfasiri asiyeukumbuka ule wa pili hawezi kuufasiri ule wa kwanza.

Mwigo, Dhihaka na Utani

Limebaki neno la mwisho katika orodha, nalo ndilo kubwa: jina la sanaa yenyewe, ile ya kuiga kazi ya mtu mwingine ili kuchekesha. Waandishi wetu wamelieleza kwa njia mbalimbali, na iliyoenea ni "mwigo wa dhihaka". Wengine husema kejeli, wengine tashtiti, wengine bezo. Maneno yote haya yana uchungu ndani yake. Adhihakiye amejitenga na anayedhihakiwa. Abezaye amejiweka juu.

Sasa tujiulize: hadithi za Dungu la Kutisha zinazidhihaki hadithi za kutisha za zamani? Tukumbuke toleo la 2005. Mabingwa wazee waliitwa, wakapewa wino, wakaombwa wazichekeshe kazi zilizowapatia jina. Hakuna mtu amwitaye mzee nyumbani kwake ili ambeze. Huo ni uhusiano wa aina nyingine, na Kiswahili kina neno lake tangu zamani.

Neno hilo ni utani. Kila msomaji wetu anaujua, uwe ni wa babu na mjukuu, au wa makabila, kama ule mashuhuri wa Wazaramo na Wanyamwezi. Aghalabu hutajwa katika harusi, lakini mahali pake pazito ni msibani. Watani hufika wakati wafiwa wamelemewa. Huigiza mwendo wa marehemu na sauti yake, huvaa nguo zake, pengine huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka walipwe. Kwa muda mfupi mauti yanachekwa na watu wenye haki ya kuyacheka. Kisha kaburi hufukiwa, na yule aliyekuwa akichekesha ndiye anayeshika jembe. Tungetafuta maelezo ya hadithi za kutisha zinazochekesha tusingepata yaliyo bora kuliko hayo.

Tena utani una masharti, na masharti hayo ni kipimo kizuri cha uhakiki. Mtu hamtanii asiye mtani wake. Akifanya hivyo ametukana. Mtani hujua habari za mwenzake kwa undani. Na mtani hukubali kutaniwa. Tukizipima hadithi hizi kwa masharti hayo, twaona kwa nini zilizo bora ni bora. Wanaotania magazeti ya EC waliyasoma, waliyapenda, na aila yao wenyewe hutaniwa zaidi ya wote. Twaona pia kwa nini zilizo dhaifu ni dhaifu: zimeazima kitu ambacho hazikukaa nacho. Mazombi nao ni hivyohivyo. Mmarekani alimchukua maiti wa Haiti bila kuwa na utani na Mhaiti, akamwondolea jembe mkononi, na pamoja nalo maana.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili mahali pa moja. "Mwigo wa dhihaka" ubaki kwa kazi inayokusudia kuiumiza ile inayoigwa. "Mwigo wa utani" utumike kwa kazi inayoiga kwa ujamaa. Mwalimu wa fasihi atakayewauliza wanafunzi wake kazi fulani ni mwigo wa namna gani, atakuwa amewauliza swali la uhakiki, wala si la kukariri.

Lipo sharti moja la mwisho. Mwigo wa utani huhitaji msomaji aijue kazi inayoigwa. Asiyewahi kumsikia Dracula atamwona Bwana Burns akinyonya damu, naye ataogopa tu, au atashangaa. Hapa wapo watakaosema basi hadithi hizi zisifasiriwe. Hatukubaliani nao. Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa katuni. Wamelelewa na Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu katika Taifa Leo, na Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika Sani. Wanaelewa upesi sana nani anamtania nani. Mfasiri aweke maelezo mafupi mwanzoni mwa kila hadithi, kama msimulizi wetu wa kale atajavyo aliyemsimulia, kisha awaache wasomaji na picha.

Hitimisho

Mapendekezo yetu ni haya: "Dungu la Kutisha" kwa jina la mfululizo, "hadithi za kutisha" kwa aina yake, "mzuka", wala si mzimu wala kizuka, "mnyonya damu", na "mumiani" abaki katika historia yake, "zombi" mahali pa "msukule", na "mwigo wa utani" kando ya "mwigo wa dhihaka". Tunawaomba wasomaji, hasa walio katika mikoa yenye majina ambayo hatuyajui, watuletee maoni yao kabla mapendekezo haya hayajafikishwa mbele ya kamati.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kuusifu ujamaa na ujirani. Sisi tumeiona pia kuwa maelezo ya sanaa tuliyoihakiki: zimwi huchekesha pale tu ambapo limekwisha kujulikana. Mwalimu wetu amerudi kwake na orodha iliyosahihishwa. Ameahidi kumsomea binti yule hadithi ileile tena, safari hii ikiwa na mazombi, iwapo yeye mwenyewe atapenda kuisikia.